Kumfunda Mtafiti wa Sumu za Mazingira

Utafiti wa sumu za mazingira na afya ya watu umesimama juu ya taaluma mbili. Ya kwanza ni toksikolojia, yaani sayansi ya sumu: inachunguza namna kemikali inavyoingia mwilini, inachofanya humo, na kiasi gani kinatosha kudhuru. Ya pili ni epidemiolojia, inayochunguza maradhi katika jamii: nani anaugua, wapi, lini, na ana tofauti gani na jirani yake aliye mzima. Mtaalamu wa ile ya kwanza hushinda maabara na seli, bakteria na panya. Wa ile ya pili hushinda vijijini, viwandani na kwenye mafaili ya hospitali.

Kila mmoja ana nusu ya jibu. Maabara yaweza kuthibitisha kwamba kemikali fulani huharibu ini, lakini haiwezi kusema kama ndiyo iliyoua watu wa kijiji fulani. Takwimu za kijiji zaweza kuonyesha kwamba walioumwa walikula mahindi yaliyohifadhiwa kwa namna moja, lakini zenyewe hazisemi ni nini kilichokuwa ndani ya mahindi hayo. Kumwandaa mtafiti chipukizi katika fani hii ni kumzoesha kudai nusu zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

Mizizi ya taaluma hizi ni tofauti. Wanasayansi wa sumu humtaja Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, aliyefundisha kwamba kila kitu kina sumu na kwamba kiasi ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Wanaepidemiolojia humtaja John Snow, daktari wa London ambaye mwaka 1854 aliorodhesha makazi ya watu waliokufa kwa kipindupindu na kuona kwamba wengi waliishi karibu na bomba la maji la Broad Street. Snow hakukijua kimelea cha ugonjwa huo, lakini hesabu zake zilitosha kuishawishi mamlaka ya mtaa kuondoa mpini wa bomba.

Njia za mafunzo

Anayeingia katika fani hii huwa amehitimu shahada ya kwanza ya kemia, biolojia, udaktari, mifugo, kilimo au takwimu. Hufuata uzamili, kisha uzamivu, na baada ya hapo miaka kadhaa ya kufanya utafiti chini ya msimamizi kabla ya kuongoza utafiti wake mwenyewe. Kipindi hicho cha kati ndicho chenye majaribu mengi. Mtafiti ameshapata shahada, lakini hana maabara yake, hana fedha zake, na jina lake halijajulikana.

Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Sayansi za Afya ya Mazingira, NIEHS, iliyoko North Carolina, hutoa fedha kwa vyuo vikuu ili vilipie posho na masomo ya watafiti wa ngazi hiyo. Mpango wake mmoja, uliotokana na sheria ya mwaka 1986 kuhusu maeneo yaliyochafuliwa na taka za sumu, unakitaka kila kituo kinachofadhiliwa kiunganishe utafiti wa afya na utafiti wa mazingira yenyewe. Hivyo mwanafunzi anayechunguza seli za mapafu hukaa meza moja na mhandisi anayesafisha udongo na maji ya chini ya ardhi.

Njia ya pili ni mafunzo ya epidemiolojia kazini. Mfano wa mwanzo ni kikosi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951 na Alexander Langmuir, ambamo madaktari vijana hujifunza kwa kutumwa kwenye milipuko ya magonjwa. Mfumo huo ulifika Kenya mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2008, kwa programu za miaka miwili ambazo sehemu yake kubwa hufanyika nje ya darasa. Mtandao wa Afrika wa programu hizo, AFENET, ulianzishwa mwaka 2005 na makao yake yako Kampala. Upande wa mazingira na kazi, Chuo Kikuu cha Addis Ababa na Chuo Kikuu cha Southern California vimeongoza kituo cha pamoja cha utafiti na mafunzo kinachohusisha Ethiopia, Kenya, Rwanda na Uganda. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kufundisha watafiti wa afya za wafanyakazi, na baadhi ya kazi zao zimepima vumbi linalovutwa na wafanyakazi wa viwanda vya kahawa.

Kuijua sumu

Sumukuvu ni mfano unaofaa kuonyesha anachojifunza mtafiti hatua kwa hatua. Sumu hii hutengenezwa na kuvu, hasa wa jamii ya Aspergillus, wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zikipata unyevu na joto. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960. Lishe yao ilikuwa na mashudu ya karanga yaliyoota kuvu.

Mwanafunzi wa toksikolojia huanza kwa kuifuata sumu safarini: inaingia kwa njia gani, inasambaa wapi, inabadilishwaje, inatokaje. Katika sumukuvu safari hiyo ina funzo la pekee. Vimeng'enya vya ini, ambavyo kazi yake ni kuzibadilisha kemikali ngeni ili mwili uzitoe, huigeuza sumukuvu B1 kuwa umbo linalong'ang'ania vinasaba. Njia ya mwili ya kujikinga ndiyo inayoinoa sumu. Mtafiti anayejua hili huacha kuuliza tu kama kemikali iliyomo kwenye chakula ni hatari, na huanza kuuliza inageuka kuwa nini ikishafika ndani.

Majaribio yana ngazi zake. Bruce Ames na wenzake walibuni katika miaka ya 1970 kipimo kinachotumia bakteria kubaini kemikali zinazobadilisha vinasaba. Ni rahisi na cha haraka, na wanafunzi wengi huanzia hapo. Hufuata seli za binadamu zinazokuzwa kwenye vyombo, kisha wanyama. Kwa wanyama hufundishwa kanuni tatu zilizoandikwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: kutumia njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Matokeo ya panya hayahamishwi kwa binadamu kwa pupa. Panya mkubwa wa maabara (rat) huweza kupata saratani ya ini kwa kiasi kidogo sana cha sumukuvu, ilhali panya mdogo (mouse) aliyekomaa huistahimili, na tofauti hiyo yatokana na uwezo wa ini la kila mmoja kuizima sumu.

Somo linaloonekana dogo lakini huangusha tafiti nyingi ni uchukuaji wa sampuli. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote, nyingine zikawa safi. Mwanafunzi anayeteka konzi moja juu ya gunia anaweza kupeleka maabara mahindi salama kutoka gunia linaloua, na mashine ya bei kubwa itampa jibu sahihi la swali lisilo lake. Kwa sababu hiyo hufundishwa kuchota sehemu nyingi za gunia, kuzichanganya, kuzisaga zote, ndipo apime. Hufundishwa pia kupima sampuli isiyo na sumu na sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana, ili mashine ikikosea ijulikane.

Kuwajua watu

Mwaka 2004 watu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano na ini limeharibika. Hadi Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na wataalamu kutoka Marekani umekuwa mfano wa kufundishia.

Hatua ya kwanza huwa kukubaliana nani ahesabiwe kuwa mgonjwa. Macho ya manjano yana sababu nyingi, zikiwemo virusi vya homa ya ini, kwa hiyo waliougua kwa sababu nyingine inayojulikana walipaswa kuwekwa kando. Hatua ya pili ni kutafuta watu wa kulinganisha. Watafiti walichukua wagonjwa 40 na, kwa kila mmoja, watu wawili wazima wa kijiji hichohicho, wakapata 80. Kuchagua majirani kulikuwa na maana: wanakula vyakula vya aina moja, wanapata mvua ileile, wananunua soko lilelile. Kinachobaki tofauti ndicho cha kutazamwa.

Tofauti ilionekana penye akiba ya chakula. Walioumwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamehifadhi mahindi ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Vipimo vya mahindi yaliyolimwa nyumbani vilionyesha kiwango cha sumukuvu katika kaya za wagonjwa kuwa takriban mara nane ya kile cha majirani. Alama ya sumukuvu iliyoshikamana na protini ya damu nayo ilikuwa takriban mara nane zaidi kwa wagonjwa. Katika masoko ya eneo hilo, zaidi ya nusu ya sampuli za bidhaa za mahindi zilipita kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, mikrogramu 20 kwa kila kilo. Ghala, damu na soko vilitoa ushahidi wa aina moja, na hapo ndipo sababu ilipoweza kutajwa bila kusita. Mlipuko wa namna hiyo ulitokea Tanzania mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 walifariki.

Kuchagua alama sahihi ya mwilini

Kati ya sumu iliyoko kwenye chakula na ugonjwa ulioko hospitalini kuna pengo, na mtafiti hulivuka kwa kupima alama zinazoachwa na sumu mwilini. Kila alama ina muda wake. Sumukuvu kwenye mkojo husimulia milo ya siku chache zilizopita; iliyoshikamana na protini ya damu husimulia wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu. Madini ya risasi hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, lakini kwenye mifupa hukaa miongo, na ndiyo sababu Herbert Needleman, katika utafiti wake wa mwaka 1979 kuhusu akili za watoto wa Marekani, alipima meno ya utotoni yaliyong'oka.

Zebaki humtega asiyejua. Zebaki ya samaki hujikusanya kwenye nywele, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, unywele mmoja unaweza kueleza mwezi hadi mwezi kile ambacho mama alikula akiwa mjamzito. Lakini kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu anayechoma zebaki, anachovuta ni mvuke, na mvuke huo huweza pia kushika nywele kwa nje. Huyo hupimwa mkojo. Atakayepima nywele za mchimbaji kwa sababu tu alisoma utafiti wa wala samaki atapata namba zisizo na maana.

Nusu mbili zinapokutana

Sumukuvu pia ina mfano mzuri wa mwalimu na mwanafunzi. Gerald Wogan wa Chuo cha MIT alikuwa miongoni mwa waliobainisha muundo wa kemikali hiyo mwaka 1963. John Groopman, aliyepata uzamivu wake MIT, alifanya kazi ya kutengeneza vipimo vya alama za sumukuvu kwa binadamu. Wawili hao walishirikiana na wanaepidemiolojia waliokuwa wakifuatilia wanaume 18,244 mjini Shanghai. Mkojo wa wanaume hao ulikusanywa wangali wazima, ukahifadhiwa kwenye barafu, na ukapimwa baadaye, baada ya baadhi yao kupata saratani ya ini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 bado hufundishwa. Waliokuwa na alama za sumukuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 kuliko wasiokuwa na chochote. Wenye virusi vya homa ya ini B peke yake walikuwa na hatari mara 7.3. Waliokuwa na vyote viwili, hatari ilifika karibu mara 60. Maabara isingeweza kupata namba hiyo kwa panya, na epidemiolojia isingeipata bila kipimo kilichozaliwa maabara. Kwa Afrika Mashariki, ambako homa ya ini B na sumukuvu vyote vipo, ina maana ya moja kwa moja: chanjo ya mtoto na ghala kavu ni hatua mbili za kupambana na ugonjwa mmoja.

Tafiti zinapopingana

Mtafiti chipukizi hulazimika pia kujifunza la kufanya tafiti mbili nzuri zinapotofautiana. Mfano unaotumika sana ni wa zebaki na watoto wachanga. Katika visiwa vya Faroe, Philippe Grandjean na wenzake waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987, wakakuta kwamba waliopata zebaki nyingi tumboni mwa mama walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya lugha, umakini na kumbukumbu. Katika visiwa vya Shelisheli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwafuatilia watoto zaidi ya 700 waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na hawakuona madhara ya wazi.

Anayeanza hushawishika kuchagua upande. Aliyefundwa huuliza maswali. Watu wa Faroe walipata zebaki yao kwa wingi kutoka nyama ya nyangumi, ambayo pia hubeba kemikali nyingine za viwandani; watu wa Shelisheli waliipata kwa kula samaki wa kawaida karibu kila siku, na samaki wana mafuta yanayojenga ubongo. Vipimo vya akili vilivyotumika havikufanana, na umri wa kupima haukufanana. Mwaka 1965 Austin Bradford Hill, mtakwimu wa Uingereza, aliorodhesha mambo tisa ya kutazama kabla ya kusema jambo moja limesababisha jingine, kama vile nguvu ya uhusiano, kutangulia kwa sababu, na ongezeko la madhara kila kiasi kinapoongezeka. Mwenyewe alikataa orodha hiyo igeuzwe sheria. Walimu wengi huitumia alivyotaka, kama njia ya kupima ushahidi.

Maadili na jamii

Sehemu ya mwisho ya mafunzo inahusu watu wanaochunguzwa. Mtafiti hupeleka andiko lake kwa kamati ya maadili, huomba ridhaa kwa lugha inayoeleweka, na huamua mapema atafanya nini akimkuta mtoto mwenye sumu nyingi mwilini. Mwaka 2010 jimbo la Zamfara, Nigeria, lilionyesha uzito wa swali hilo. Wanakijiji walikuwa wakiponda majumbani mawe ya dhahabu yenye madini mengi ya risasi. Katika vijiji viwili vilivyochunguzwa kwanza, watoto 118 kati ya 463 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja, na karibu wote kati ya walio hai waliopimwa walihitaji matibabu ya haraka. Wanafunzi wa epidemiolojia kazini wa Nigeria walishiriki uchunguzi huo. Ilidhihirika pia kwamba dawa peke yake haitoshi: kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua uleule wenye vumbi la sumu ni kumtia sumu upya, kwa hiyo ilibidi udongo wa vijiji uondolewe kwanza.

Liko pia suala la uhuru wa mtafiti. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda yenye zebaki. Paka huyo, aliyepewa namba 400, aliugua mwaka 1959 dalili zilezile za wagonjwa. Kampuni haikuruhusu matokeo yatangazwe, zebaki iliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968, na Hosokawa aliyaeleza katika ushahidi wa kesi mwaka 1970 akiwa mgonjwa kitandani. Kisa hicho hufundishwa ili mtafiti ajue kabla ya kusaini mkataba nani anamiliki takwimu, na nani ana haki ya kuzuia uchapishaji.

Vikwazo na mwisho wa safari

Katika Afrika Mashariki mtafiti chipukizi hukutana na vikwazo vinavyojulikana. Mashine za kupima viwango vidogo vya sumu ni ghali, vipuri na kemikali zake huagizwa nje, na zikiharibika fundi naye huagizwa nje. Sampuli nyingi hupelekwa ng'ambo, na pamoja nazo huondoka fursa ya kujifunza kupima. Wasimamizi waliobobea katika taaluma zote mbili ni wachache. Ndiyo maana baadhi ya mafunzo humpa mwanafunzi wasimamizi wawili, mmoja wa maabara na mmoja wa epidemiolojia, na hutaka sehemu ya vipimo ifanyike nchini kwake hata kama itachukua muda mrefu zaidi.

Aliyekamilika hujulikana kwa anachoweza kufanya. Huweza kuandika swali linalojibika, kuchukua sampuli isiyodanganya, kuchagua alama inayolingana na muda wa sumu, kuwapata watu wa kulinganisha wanaofaa, na kueleza ukubwa wa shaka iliyobaki. Huweza pia kuyapeleka matokeo yaleyale sehemu tatu kwa lugha tatu: kwa wanasayansi wenzake katika jarida, kwa shirika la viwango au wizara inayoweka kikomo cha sumu katika chakula, na kwa mkulima anayetaka kujua kama mahindi yaliyoko darini yanafaa kuliwa. La mwisho ndilo lisilo na mtihani chuoni, na kwa kawaida hujifunzwa kwa kurudi kijijini na majibu.